Kikombe cha Kathambi

Watu wa kwetu wanasema wifi yangu Kathambi ameua mara mbili. Kwanza, wanasema, alimuua mtoto wake tumboni kwa uvivu wa kunywa maji, kisha akamuua mama mkwe wake kwa ulimi. Wanayasema hayo pale kwenye kioski cha maji, wakiwa wamekalia mitungi yao, na mimi nikitokea wananyamaza na kuniuliza ndengu mwaka huu zimekubali vipi. Mimi ni Beth, binti wa huyo mama mkwe aliyekufa. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumchukia Kathambi, ni mimi. Simchukii. Na kwa kuwa nimechoka kunyamaziwa, nitasema yote, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Kathambi ni Mmeru wa kule juu ya Nkubu, kwenye majani chai na baridi, ambako mtu akitaka maji anateremka nyuma ya nyumba na kukuta kijito. Alikuwa akinunua kabichi na ndizi soko la Gakoromone na kuzileta kwetu Ishiara siku za soko, na alizipanga chini karibu na gunia langu la ndengu. Alikuwa mpole kupita kiasi. Mteja akimkanyagia ndizi, yeye ndiye anayeomba msamaha. Nilimwambia biashara haifanywi hivyo, atakufa na njaa huku akisema asante, naye akacheka. Punde kaka yangu Ndwiga, fundi wa mawe, akaanza kununua kabichi kila soko, mtu ambaye tangu utotoni kabichi akiiona mezani anasema ameshiba. Ndivyo Kathambi alivyokuja kwetu Mbeere, kwenye joto na vumbi na miiba.

Mama yetu alikuwa Nelius Wambura. Nelius lilikuwa jina la ubatizo, Wambura la nyumbani. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye mgongo mpana na sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde. Alimpenda Kathambi tangu siku ya kwanza, na hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Kimeru chao na Kimbeere chetu ni ndugu, lakini ndugu wanaopishana, kwa hiyo mwanzoni walizungumza Kiswahili, cha shule kwa mmoja na cha soko kwa mwingine. Mama alizungumza zaidi. Kwetu mke mchanga hajibu wageni kama mama mkwe yupo. Mama mkwe humjibia. Ni heshima, na mara nyingine ni nafuu, hasa kwa mtu mpole kama huyu.

Alipopata mimba, Mama aliliangalia tumbo akaapa ni msichana. Sasa hapa lazima mtu aelewe. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na hachukui jina peke yake. Bibi humwita mtoto huyo "mimi". Mama alikuwa akipita uani, anaweka kiganja kwenye tumbo la Kathambi na kusema, "Mimi nimeamkaje leo?" Na Kathambi anajibu, "Umeamka na mateke, Mama." Walikuwa wanacheka wote wawili. Nyumba ilikuwa na furaha mwaka ule, ingawa mvua ilikuwa imetutupa na ndengu zilikauka zikiwa na maua.

Kliniki ilipompima ikamkuta na presha. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Muuguzi alimpa dawa, akamwambia arudi akimaliza. Aliporudi, dawa hakuna, akaambiwa ajaribu mjini Embu. Ndwiga alikuwa Isiolo akijenga shule, na Kathambi hakuwa mtu wa kusumbua watu. Mama alimkuta amekaa jikoni, miguu ameinyoosha juu ya gunia.

"Ya nini kwenda Embu," Mama akasema, "na mimi niko na za kwangu?"

Akafungua pindo la leso. Mama alikuwa na presha miaka mingi, na dawa alipewa na masista wa misheni. Vidonge vidogo, alivifunga kwenye kipande cha plastiki.

"Hizi si ni zako, Mama?"

"Presha ni presha. Yangu na yako zimetoka kwa shetani mmoja. Hizi zimenishikilia mimi tangu Ndwiga akiwa shule, na bado ninabeba mtungi. Meza."

Kathambi akameza. Mama naye, ili dawa iwatoshe wawili, akaanza kumeza zake siku moja na kuruka siku inayofuata. Kichwa kikamuuma, akasema ni jua. Mimi nilikuwepo, nikaona ni wema, na hata leo nikifumba macho naona ni wema. Hilo ndilo linalonitia hasira hadi nataka kutupa kitu.

Mimba ilipoelekea mwezi wa saba, Kathambi alinivuta pembeni sokoni. Hakuwa na kawaida ya kulalamika.

"Beth, huyu mtoto hageuki tena. Mbeleni alikuwa anageuka vizuri. Sasa ni kama amebanwa kwa ukuta. Akisukuma goti, nalishika lote."

Tumbo lenyewe nililiangalia. Lilikuwa limesimama pale pale lilipokuwa mwezi uliopita, gumu, likionyesha vigongo vya mtoto. Tukaenda Embu kupigwa picha, yeye, mimi na Mama. Kijana aliyekuwa kwenye mashine alizungusha kile kidude tumboni muda mrefu, akaita mwenzake, wakaangalia pamoja. Daktari akatuambia maji yanayomzunguka mtoto ni machache sana. Mtoto anahitaji maji yale ili ajinyooshe na mapafu yake yakue, akasema, bila hayo anabanwa yeye na kitovu chake. Akamuuliza Kathambi kama maji yamekuwa yakimvuja. Mama akajibu hapana. Akauliza kama anatumia dawa yoyote.

"Anameza za presha," Mama akasema. "Kila siku. Hakosi. Mimi mwenyewe namsimamia."

"Vizuri," daktari akasema. "Aendelee nazo."

Niliona Kathambi akifungua mdomo na kuufunga. Mama mkwe alikuwa ameshajibu, na alikuwa amejibu ukweli. Nani angeanza kubishana pale kwamba vidonge vilitoka kwenye leso ya nani? Wanaogawana dawa hugombezwa hospitalini, na Kathambi hangekubali Mama agombezwe na daktari kijana mbele ya watu.

Tukarudi na maagizo. Alale kwa ubavu wa kushoto, asibebe kitu, anywe maji mengi kuliko alivyozoea, arudi kupimwa baada ya muda mfupi.

Maji mengi! Ni rahisi kusema Embu mjini. Kwetu mwaka ule mto Thuci ulikuwa umebaki madimbwi, na visima vya mchangani vilikuwa vinachimbwa kwa zamu. Mama hakukubali mtu mwingine ayalete. Alikwenda mwenyewe kabla jua halijakuwa kali, akarudi na mtungi mgongoni, kamba imembana kichwa hadi ikamwachia alama kwenye paji la uso isiyotoka tena. Aliyachuja kwa kitambaa, akayachemsha, akayapoza kwenye chungu chini ya kitanda. Kisha akasimama juu ya Kathambi na kikombe cha bati, kile cheupe chenye mdomo wa samawati.

"Kunywa."

"Nimeshiba, Mama. Kweli."

"Si wewe unakunywa. Anakunywa Wambura."

Kathambi anakunywa. Na kikombe cha asubuhi kilikuja na kidonge. Maji na dawa vilitoka katika mkono mmoja. Kilichokuwa kikimkausha mtoto na kilichotafutwa ili kimwokoe vilimezwa pamoja kwa funda moja, kila siku, kwa mapenzi matupu. Mungu anisamehe, lakini kuna mapenzi ambayo afadhali yangechelewa njiani.

Siku moja mchana Kathambi alishikwa na kichefuchefu. Alitoka na kikombe, akamwaga nusu yake kwenye shina la mpapai, akakaa chini akapumua. Mama alikuwa kwenye mlango wa jiko. Alimwona. Na hakusahau.

Tuliporudi Embu, Mama alibaki na mbuzi, maana walikuwa wanaanguka kwa ukame. Nilikwenda na Kathambi peke yangu. Safari hii picha ilionyesha maji hakuna kabisa. Wakamlaza wodini saa hiyo hiyo, wakamtundikia dripu, wakamdunga sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Daktari wa wodi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka na macho ya kukosa usingizi. Akauliza anatumia dawa gani. Hakukuwa na wa kumjibia. Kathambi, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akajibu mwenyewe. Akafungua pindo la leso yake, ambamo Mama alikuwa amemfungia vidonge vya safari.

Daktari alivitazama. Hakugomba. Ningependa angegomba.

"Hizi umepewa na nani?"

"Ni za mama. Ni za presha."

"Ni za presha, ndiyo. Inaitwa enalapril. Ni dawa nzuri kwa mama yako. Kwa mwenye mimba hairuhusiwi." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Maji ya tumboni, miezi hii ya mwisho, ni mkojo wa mtoto. Anameza, anakojoa, anameza tena. Dawa hii inafika kwake na kufunga figo. Hakojoi. Ndiyo sababu maji yameisha."

"Na maji niliyokunywa?"

"Hayo hayakuwa na makosa," daktari akasema. "Lakini hayangetosha."

Walisimamisha dawa, wakampa nyingine. Walisema mara nyingine figo huamka na maji hurudi, kwa hiyo tukangoja. Kathambi alilala kwa ubavu wa kushoto bila kugeuka hadi nyonga ikachubuka. Mapigo ya moyo wa mtoto yalianza kushuka, wakampeleka kupasuliwa.

Alikuwa msichana. Mama aliapa, na Mama alisema kweli. Alikuwa na miguu iliyokunjwa kwa kubanwa, na kifua kidogo kilichopanda kwa shida. Wauguzi walimfunga kijimfuko cha plastiki cha kupokea mkojo. Tulikitazama kijimfuko kile kama wakulima wanavyotazama wingu. Halikuja tone. Mama alifika alasiri, vumbi hadi magotini, wakamruhusu amguse. Akaingiza kidole chake ndani ya kiganja cha mtoto, akamwambia, "Mimi, pumua. Pumua, mimi." Kabla giza halijaingia mtoto alikuwa amekata roho.

Mama alipokwenda kutafuta shuka la kumfunga, Kathambi alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Mama asijue."

"Lazima ajue! Kathambi, ni dawa yake ndiyo—"

"Akijua atakufa, Beth. Wewe si unamjua. Atakufa. Ukisema, mimi narudi kwetu na sitakanyaga Mbeere tena."

Nilikuwa na hasira na kila mtu: kliniki, ukame, Mama, hata yule maiti mdogo. Lakini nilinyamaza, kwa sababu mwenye kidonda ndiye aliyekuwa akiomba.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na waliposema hivyo hawakumwambia mtu afanye nini uchi ukiwa si wake. Mama alirudi nyumbani akatafuta sababu, kama watu wote wanavyotafuta. Na sababu aliyoipata ilikuwa pale kwenye shina la mpapai. Mwanzo alilia tu. Baadaye, jamaa na akina mama wa kanisa walipokuja kumfariji, nilimsikia akisema, "Nilibeba maji mpaka mgongo ukachubuka. Yeye anamwaga. Kwa macho yangu mawili nilimwona akimwaga." Na ulimi hauna mfupa, neno likatoka pale likaenda hadi sokoni. Watu wa mlima wamezoea mito, wakasema, hawajui thamani ya maji. Mmeru mkavu, wakamwita.

Kathambi alikuwa akisikia. Alikuwa akitwanga mahindi na kusikia. Nilimwambia siku moja kwamba kama yeye ni mtakatifu, mimi si mtakatifu, nitamwambia Mama ukweli kabla jua halijatua. Akaniambia, "Mimi niko na kifua cha kubeba. Yeye hana." Basi akabeba, miaka. Mama hakumchukia, msinielewe vibaya. Alimpikia, alimpaka mafuta mgongo alipougua malaria. Alimsamehe. Sijui kama mmewahi kuona mtu akisamehewa kosa ambalo hakulifanya, na msamehevu ndiye aliyelifanya. Ni kitu cha kumfanya mtu aende kulia chooni.

Mimba ya pili Kathambi alikwenda kwao Nkubu tangu tumbo halijaonekana, hakurudi hadi alipojifungua. Huko alipata dawa inayofaa na kliniki ya karibu. Kwetu yalikuwa matusi: mke kukimbia na mjukuu tumboni. Alirudi na msichana mnene anayekojolea kila anayempakata. Akaitwa Wambura. Mama alimpokea, akamnusa kichwa, akasema mbele ya wageni, "Huyu alipata maji kwao." Kathambi akainama kuokota nepi.

Hadithi ingeweza kuishia hapo. Wambura akaanza shule, mradi wa maji ukafika, kioski kikajengwa, Mama akazeeka. Halafu jirani yetu akamwoza mwanawe, na mke wa mwanawe, Phyllis, akapata mimba, na miguu yake ikaanza kuvimba.

Alikuja kwetu alasiri moja. Mimi na Kathambi tulikuwa uani tunapepeta ndengu. Mama alikuwa kwenye kigoda. Phyllis akasema kliniki imempata na presha, na amechelewa kwenda kuchukua dawa, na kichwa kinamgonga. Mama hakungoja amalize. Nilimwona akipeleka mkono kwenye pindo la leso.

"Shika hizi uanze nazo. Hata Kathambi nilimpa zangu. Dawa ilifanya kazi yake, yeye ndiye alishindwa na maji. Wewe usishindwe."

Phyllis akapokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

Kathambi alikuwa ameshasimama. Hata sikumwona akisimama. Alimshika Phyllis mkono akamfungua vidole, na vidonge vikaangukia kwenye ungo wa ndengu.

"Usimeze hizi. Mimi nilimeza hizi."

"Na zilikufanya nini?" Mama akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu aliyetukanwa.

Kathambi alinitazama. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alikuwa na njia ya kudanganya hata hapo. Angeweza kusema amesikia redioni. Lakini Phyllis alikuwa amesimama na tumbo lake, na uongo nusu hautoshi kumzuia msichana asimeze kitu alichopewa na mama mtu mzima.

"Zilifunga figo za mtoto, Mama. Daktari aliniambia. Maji ya tumboni ni mkojo wake, na hakuwa anakojoa. Hata ningekunywa Thuci yote."

Mama hakumtazama tena. Alinigeukia mimi.

"Beth. Ni ukweli?"

"Ni ukweli, Mama."

"Na mlijua lini?"

"Tulijua hospitali. Kabla hajazaliwa."

Mama alipiga magoti kando ya ungo akaanza kuviokota vidonge vyake katikati ya ndengu, kimoja kimoja, kwa uangalifu, asiache hata kimoja kikapikwa. Kisha akaingia ndani. Phyllis alikwenda Embu kesho yake, akapewa dawa inayofaa, na mtoto wake sasa anakimbiza kuku wetu. Hilo pale kioski hawalisemi.

Wanachosema ni kwamba tangu siku ile Nelius hakumeza tena dawa. Hilo ni kweli. Tulimsihi, mchungaji alimsihi, Ndwiga alikuja kutoka kazini akalia mbele yake kama mtoto. Hakugombana na mtu. Alimwita Kathambi binti yangu, alimwomba msamaha mara moja, mbele yetu sote, na baada ya hapo hakulitaja. Kila asubuhi Kathambi alimpelekea kidonge na maji katika kikombe kile kile cheupe chenye mdomo wa samawati, akasimama juu yake kama yeye alivyosimamiwa. Asubuhi ya mwisho nilikuwa mlangoni, nikawasikia.

"Meza, Mama. Wambura anakutaka."

"Wambura nilimmaliza."

"Kuna Wambura huyu, Mama. Ako hapo nje, anakuita."

"Namsikia," Mama akasema.

Kiharusi kilimpiga siku hiyo hiyo, mchana, akielekea kwenye shina la mpapai. Lakini asubuhi alikuwa amempokea Kathambi kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mgeni. Alikunywa maji yote, hadi tone la mwisho, kisha akamrudishia kikombe, na kidonge kikiwa ndani yake.